Kujifunza Kinanda Ukubwani, na Safari ya Pembe

Samaki mkunje angali mbichi. Methali hii nimeisikia mara nyingi mno tangu mwaka juzi, nilipowaambia watu kwamba nimeanza kujifunza kupiga kinanda nikiwa na miaka 46. Wenzangu ofisini waliisema wakicheka. Mwanangu wa kwanza hakuisema, aliniuliza tu, "Mama, hiyo ada si bora ungebadilisha simu?" Sikuwa na jibu la maana. Nimeimba kwaya tangu nikiwa darasa la nne, sauti ya pili, na miaka yote hiyo nimekaa hatua tatu kutoka kwenye kinanda bila kukigusa. Kinanda kilikuwa cha mpiga kinanda. Sisi wengine tulikuwa wa kuimba.

Ukumbi ninaojifunzia ni wa kanisa moja la zamani hapa Dar es Salaam. Kinanda chenyewe ni piano ya kusimama, ya Kiingereza, iliyoletwa enzi za ukoloni. Jina la mtengenezaji limefutika, imebaki herufi moja na nusu ya rangi ya dhahabu. Mwalimu wangu ni kijana wa rika la mwanangu. Akiingia ananiamkia, "Shikamoo mama," naitika marahaba, halafu heshima inageuka: "Kifundo cha mkono kisilale, mama. Rudia." Narudia. "Tena." Narudia tena.

Nilidhani ningeanza na faida fulani, maana solfa ninaijua vizuri. Wanakwaya wengi wa nchi hii tumelelewa kwa herufi zile, d, r, m, zilizoenezwa na wamisionari baada ya Mwingereza John Curwen kuzitangaza katika karne ya 19 ili watu wa kawaida waweze kuimba kwa pamoja bila kusoma nota za mistari. Kumbe kujua kuimba ni jambo moja na vidole kutii ni jambo jingine. Kidole cha nne cha mkono wangu wa kushoto kilikuwa kama mgeni aliyefika harusini bila kualikwa. Wiki sita za mwanzo sikuweza kukipeleka mahali bila mwenzake wa tatu kwenda naye.

Halafu kulikuwa na jambo dogo lililonisaidia. Siku moja mwalimu alinikataza kuangalia mikono. Nikamwambia siwezi, nitapotea. Akasema, "Hupotei. Re ya katikati na ile sol inayofuata zinateleza. Zitafute kwa kidole." Nikazitafuta, kweli zikateleza. Vibao vingine vyote vyeupe vilikuwa vinashika kidole kidogo, kama ngozi inavyoshika ngozi. Hivi viwili vilikuwa laini kama sahani ya plastiki. Na Dar ya mwezi wa pili mnaijua, mikono inatoka jasho hata ukiwa umekaa. Nikamuuliza kwa nini.

"Hivi viwili vimebadilishwa, ni plastiki. Vingine ni pembe."

"Pembe ya nini?"

Akanitazama kama mtoto anayemtazama mtu mzima aliyeuliza swali la ajabu. "Ya ndovu, mama."

Akanionyesha jinsi ya kutambua. Kibao cha plastiki ni kipande kimoja. Kibao cha pembe kina mstari mwembamba kama unywele unaokikata kwa upana, pale sehemu pana ya mbele inapokutana na mkia mwembamba unaopita kati ya vibao vyeusi. Ni vipande viwili vya pembe vilivyobandikwa juu ya mti. Ukiinamia karibu unaona na nyuzi za pembe yenyewe, mistari ya mawimbi kama ya mbao. Kinanda kina vibao vyeupe 52. Nikapiga hesabu: vipande 104, kasoro vinne.

Mimi ni mtu wa vitabu kuliko muziki, na jambo likinikaa kichwani nalifuata kwenye vitabu. Basi nililifuata hili. Ninayoandika hapa ndiyo niliyoyakuta.

Piano haikuanza na pembe zetu. Ilibuniwa na Bartolomeo Cristofori, fundi wa vinanda wa ukoo wa Medici mjini Florence, na mwaka 1700 tayari imo kwenye orodha ya vyombo vya ukoo huo. Ubunifu wake ulikuwa nyundo ndogo inayogonga uzi na kurudi, ili anayepiga aweze kutoa sauti ndogo au kubwa kwa nguvu ya kidole chake. Vinanda vya Cristofori vilivyosalia hadi leo ni vitatu tu. Kwa muda mrefu chombo hiki kilibaki cha majumba ya wakubwa. Kilichokipeleka sebuleni kwa karani na mwenye duka ni viwanda vya karne ya 19, na viwanda vilipokuja vilihitaji kitu cha kufunika vibao. Kilitakiwa kiwe cheupe, kikubali kukatwa chembamba bila kupasuka, na kinyonye jasho ili kidole kisiteleze. Pembe ya ndovu ilitimiza yote. Na katika pembe, wanunuzi walizipenda zaidi zile laini za Afrika Mashariki, zilizopitia Unguja.

Hapa ndipo nilipokutana na neno nililolijua tangu utoto bila kulifikiria. Marehemu bibi yangu, kule Tabora, alikuwa akiita kitambaa cheupe cha pamba kisicho na maua "merikani". Nilidhani ni jina tu, kama kaniki. Kumbe ni risiti. Mwaka 1833 Sayyid Said, Sultani wa Maskati na Zanzibar, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Mwaka 1837 Richard Waters wa Salem, Massachusetts, akafika Unguja kuwa konseli wa kwanza wa Marekani. Meli za Salem zilileta pamba iliyofumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, zikaondoka na pembe, sandarusi na ngozi. Pamba iliyofumwa humo ililimwa majimbo ya kusini, na waliolima walikuwa watumwa weusi. Basi nguo iliyovunwa na mikono ya watumwa Waafrika upande mmoja wa dunia ilikuja kununua pembe upande wa pili. Bibi alijifunga kitambaa hicho na akakiita kwa jina la kilikotoka.

Pembe zilizofika Marekani, sehemu kubwa zilikwenda kwenye vijiji viwili vya jimbo la Connecticut vilivyo jirani: Deep River, na kingine kilichopewa jina Ivoryton, yaani kijiji cha pembe. Huko zilikatwa mapande, zikapasuliwa kwa misumeno ya maji na baadaye ya mvuke hadi kuwa nyembamba kama kucha, kisha zikalazwa kwa majuma kadhaa ndani ya nyumba ndefu za vioo ili jua lizitie weupe. Mwaka 1909 pekee viwanda vya Marekani vilitengeneza vinanda zaidi ya 350,000. Waingereza nao walinunua pembe za Unguja kwenye minada ya London, na bila shaka hiki cha ukumbini kwetu kilivikwa huko.

Kuna mtu mmoja wa Deep River ambaye sijaweza kumtoa akilini. George Read, mmoja wa wenye kiwanda, alikuwa mpinga utumwa. Kijana aliyetoroka utumwa South Carolina alipofika kijijini mwaka 1828, Read alimpokea na kumhifadhi, na kijana yule akaishi hapo kwa jina jingine maisha yake yote. Mtu huyohuyo alijenga utajiri wake kwa pembe. Sisemi hili kwa kejeli. Nadhani alikuwa mtu mwema aliyeona kilichogonga mlango wake, na pembe ilipofika kwake ilikuwa imekwisha kuoshwa.

Kabla ya kuoshwa ilipita kwetu.

Wasomaji wa blogu hii wengi mnajua kitabu cha maisha ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, alichokisimulia mwenyewe kwa Kiswahili kabla ya kufa kwake Unguja mwaka 1905. Tunakisoma kama moja ya tawasifu za mwanzo kabisa za Kiswahili, na ni haki. Lakini kisome tena kama daftari la mfanyabiashara. Kurasa zimejaa frasila, yaani mizani ya ratili 35 au kilo kama 16. Pembe kiasi gani kwa bei gani, deni kwa Taria Topan kiasi gani, faida imebaki nini. Masultani wa bara wana majina, maadui wana majina, wakopeshaji wana majina. Wapagazi ni idadi. Wanapopata sauti kidogo ni pale wanapotoroka, naye anasimulia alivyowasaka na kuwafunga minyororo.

Nilisema nimezaliwa Tabora. Sisi ni Wanyamwezi, na ukisema Mnyamwezi kwenye historia ya karne ya 19 umesema mpagazi. Richard Burton, aliyepita njia hiyo mwaka 1857 kutoka pwani hadi Kaze, ambayo ndiyo Tabora ya leo, aliandika mengi ya dharau juu ya watu aliowakuta, lakini wabeba pembe aliwaangalia vizuri. Walikuwa ndio wakubwa wa msafara. Pembe moja kubwa ilikaa begani mwa mtu mmoja. Iliyozidi nguvu za mtu mmoja ilifungwa kwenye mti wakaichukua wawili. Na kwenye ncha ya pembe walifunga kengele ya ng'ombe, ikawa inalia kila hatua.

Niliposoma sentensi ile ya kengele niliweka kitabu chini. Pembe ilikuwa chombo cha muziki kabla haijafika Connecticut.

Tukumbuke pia kwamba wapagazi wa Kinyamwezi hawakuwa watumwa wote, ingawa vitabu vingi vya zamani vya Ulaya na Marekani vinapenda picha ya mtumwa mwenye pembe begani na mnyororo shingoni. Wengi kwenye njia ya Tabora walikuwa watu huru, waliokubaliana ujira wa nguo, waliogoma ujira usipotosha, waliotembea karibu kilomita 800 hadi pwani na kurudi kulima mvua zikianza. Kijana ambaye hajaiona bahari alihesabiwa bado mtoto. Lakini uhuru wao hauisafishi biashara yenyewe. Pembe za Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, zilipatikana kwa bunduki, vijiji vikachomwa, watu wakachukuliwa. David Livingstone alikuwa Nyangwe Julai 1871 wafanyabiashara walipowafyatulia risasi wanawake sokoni. Pembe ya mpagazi huru na pembe ya kijiji kilichochomwa zilipimwa kwenye mizani moja pale Unguja. Ernst Moore, Mmarekani aliyenunua pembe Unguja mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya viwanda vile vya Connecticut, mwaka 1931 aliandika kitabu kizima akiziita pembe janga la Afrika. Aliandika akiwa amekwisha rudi kwao.

Na ndovu wenyewe? Hapa hapa Tanzania, makadirio yalionyesha ndovu kama 109,000 mwaka 2009, na kama 43,000 mwaka 2014. Hao hawakufa kwa ajili ya piano, maana watengenezaji wakubwa walihamia plastiki katikati ya karne iliyopita, na biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, ambao nchi yetu ilikuwa miongoni mwa walioupigania. Lakini njia iliyochimbwa kwa miguu ya watu haifutiki kwa haraka.

Baada ya kusoma hayo sikwenda darasani majuma matatu. Nilimwandikia mwalimu kwamba nina kazi nyingi. Ukweli ni kwamba sikujua nikae vipi mbele ya vile vibao. Nilikuwa nimekwenda pale kwa aibu ya mtu aliyechelewa: chombo cha wenzetu, umri umepita, vidole vimekomaa. Sasa nikawa na aibu nyingine juu ya ile.

Nikampigia simu shangazi yangu, Tabora. Ana miaka 81, na yeye ndiye anayekumbuka. Nilikuwa nimewahi kusikia utotoni kwamba babu yake baba alikuwa "mtu wa pwani", nikadhani maana yake aliishi pwani.

"Hakuishi," shangazi akasema. "Alikwenda na kurudi. Mara mbili, kabla ya Wajerumani kukamata nchi."

"Alibeba nini?"

"Pembe. Alikuwa na sugu hapa begani, kubwa, mama alikuwa anatusimulia. Hata mzee kabisa, alikuwa halalii upande huo." Akanyamaza kidogo. "Ya pili alirudi na nguo akaoa. Ile merikani."

Nikamuuliza kama alilalamika. Shangazi akacheka. "Kulalamika kwa nani? Walikuwa wanaimba. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitika, mpaka kambini." Kisha yeye ndiye akauliza: "Na wewe nasikia unasoma kinanda. Umefika wapi?"

Nikamwambia nimeacha. Nikamweleza kwa nini: vibao ni pembe, pengine ni za njia hiyohiyo, siwezi kuzipiga kama sijui. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kitu ambacho tangu siku ile nakigeuzageuza.

"Mzee alibeba mpaka pwani akaweka chini. Hakuisikia inalia. Sasa wewe umefika ilipo, unasema hutaigusa. Nani aiguse?"

Sitaki kumfanya shangazi kuwa mwanafalsafa. Hakuwa anasamehe biashara ya pembe, wala hakujua habari za Deep River. Alikuwa anazungumza kama mtu wa ukoo aliyesikia kwamba kuna mali ya mzee mahali fulani na mjukuu anaona haya kwenda kuiuliza. Lakini ilinibidi nikubali kwamba aibu yangu ya kwanza ilijengwa juu ya uongo. Nilijiona mgeni mbele ya kile kinanda, kumbe nusu ya kilichonishika vidole ilipita begani kwa watu wangu. Kuhusu aibu ya pili, ile ya ndovu na ya Nyangwe, sijaiondoa wala sitafuti kuiondoa. Nakaa nayo kwenye kigoda kimoja.

Bibi yangu mwenyewe, mama yake shangazi huyu, alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu hiyo. Alisoma kwa kuweka kidole chini ya kila silabi, na midomo ikitikisika. Watoto tulimcheka. Sasa najua alivyokuwa anajisikia, maana mimi nasoma nota hivyohivyo, kidole na midomo. Samaki mkavu hakunjiki, ni kweli. Lakini binadamu si samaki, na methali nazo zina mipaka yake.

Nilirudi darasani. Mwalimu hakuuliza zile kazi nyingi zilikuwa za nini. Alisema tu, "Shikamoo mama," na nilipoitika akaongeza, "Kifundo."

Jumamosi iliyopita, baada ya somo, nilimpigia shangazi tena na kumwomba aniimbie wimbo wowote wa zamani anaoujua, wa kutembea. Akaimba mmoja, sauti imekwaruza, na kwa kuwa solfa ninaijua niliuandika palepale nyuma ya bahasha: herufi tano tu, zinazunguka. Nikaweka simu juu ya kinanda, nikaupiga kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto ukaitika kwa sauti moja chini, kama wale waliokuwa wanaitika. Kidole cha nne kilikwenda peke yake. Nilikosea mara mbili, mara zote pale kwenye plastiki.

Nilipomaliza kulikuwa kimya, nikadhani salio limekwisha.

"Umekimbia," shangazi akasema. "Huo ni wa watu wenye mzigo. Rudia, polepole."

Nikarudia.